Dakika Moja ya Simu Kasulo ni Franka Ngapi?

Mwulize mtu wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, bei ya dakika moja ya simu, atakujibu papo hapo. Ameisikia redioni na kuisoma kwenye mabango ya barabarani. Mwulize nyumba yake ilitumia makuta mangapi kwa simu mwezi uliopita, atakuna kichwa. Kati ya majibu hayo mawili ndipo fedha zinapopotelea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya baba, mama na kijana wa Kolwezi anayetaka kujua kredi yake inaishia wapi. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kwa nyumba nyingi za huku, gharama kubwa ya simu haitokani na maongezi marefu. Inatokana na kununua kidogo kidogo, tena kwa haraka. Mchimbaji hulipwa leo kwa mzigo wa leo. Mama anayeuza sokoni huhesabu faida yake jioni. Basi na kredi nayo hununuliwa ya leo, na anayenunua ya leo hulipa kila dakika ghali kuliko anayenunua ya mwezi.

Bili isiyofika

Simu ya waya, pale ilipokuwapo, ilikuwa ya shirika la posta na simu, OCPT, ambalo siku hizi linaitwa SCPT. Nyaya zake zilichakaa wakati wa Zaire. Katika miaka ya 1990 watu walipanga foleni kwenye fonie, yaani redio ya masafa marefu, ili waongee na ndugu wa mbali huku kila aliyesimama pale akisikia siri zao. Telecel, iliyoanzishwa Kinshasa na Miko Rwayitare katika miaka ya 1980, ilikuwa simu ya wakubwa na matajiri. Celtel, ambayo leo ni Airtel, ilianza mwaka 2000, Vodacom ikafuata mwaka 2002, na simu ikamfikia mtu wa kawaida. Orange iliinunua Congo Chine Télécoms mwaka 2011, na Africell ikaingia nchini mwaka 2012.

Kwa hiyo simu ya nyumbani leo ni simu ya baba, ya mama, ya mtoto mkubwa na ile ndogo ya vitufe inayobaki na bibi. Hakuna bili moja inayofika mlangoni mwisho wa mwezi. Imevunjwa vipande vipande, franka 500 hapa, franka 1,000 pale, na kila kipande peke yake hakiumi.

Pima kwanza: daftari la wiki moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta daftari la shule, uligawe safu tatu: tarehe, kitu kilicholipiwa, franka. Kwa siku saba kila mtu wa nyumba aandike kila kinachotoka kwa ajili ya simu: kredi, mega (yaani data), kuchaji, na hata ada ya kutoa fedha kwenye pochi ya simu ikiwa fedha hizo zilitolewa ili kununua kredi. Siku ya saba fungua orodha ya simu zilizopigwa katika kila simu, ujumlishe dakika.

Tuchukue nyumba ya mfano, na dola tuihesabu kwa franka 2,800. Wiki nzima imenunua kredi ya maongezi ya franka 17,500 na kulipa franka 7,000 za kuchaji. Jumla ni franka 24,500. Dakika zilizopigwa ni 175. Gawanya: kila dakika imegharimu franka 140. Kwa kuwa yuniti 100 ni dola 1, yuniti moja ni franka 28, na dakika hiyo imekula yuniti 5. Kama tangazo lilisema yuniti 2, basi yuniti 3 za kila dakika zimekwenda kwingine. Kwa dakika 175 hizo ni yuniti 525, yaani dola 5 na senti 25 kwa wiki, zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Mwenye nyumba hiyo akiulizwa, ataapa kwamba anatumia dola 10 kwa mwezi.

Hesabu ya kwako itatoa namba nyingine. Muhimu ni kuipata, kisha kuwinda sehemu zifuatazo moja baada ya nyingine.

Kabini na kiwango cha dola

Simu za Kongo huhesabiwa kwa dola, nasi tunalipa kwa franka. Anayebadilisha ni kijana wa kabini, muuza kredi chini ya mwamvuli wake, na kiwango anakipanga yeye. Karibu mwaka 2015 dola ilikuwa kama franka 900. Mwaka 2021 ilikuwa karibu 2,000. Mwaka 2024 ikafika karibu 2,800. Dola inapopanda, kabini hupandisha bei siku hiyohiyo. Inaposhuka, bei hukawia kushuka.

Tuseme wabadilishaji fedha wanahesabu dola kwa 2,800, lakini kabini inahesabu kwa 3,000. Ukinunua kredi ya dola 1 kila siku, kila siku unaacha franka 200 pale. Kwa mwezi ni franka 6,000, zaidi ya dola 2, na hujapiga simu hata moja kwa fedha hizo.

Ukinunua kidogo zaidi, hasara inazidi. Toa franka 500. Kwa kiwango cha 2,800 ungestahili karibu yuniti 18. Kwa kiwango cha 3,000 ni 16 na kitu. Muuzaji anakata mkia, anakutumia 15. Hapo umenunua dola kwa zaidi ya franka 3,300. Anayenunua kwa franka 500 ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote mtaani, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Fanya hivi:

1. Kabla ya kutoa fedha, uliza: «Yaya, dola unaihesabu ngapi leo?» Swali hilo halimkasirishi mtu, na wenye kabini wawili waliokaa jirani hawana kiwango kimoja.

2. Usiondoke kabla ujumbe haujafika. Soma yuniti zilizoingia, usisome franka ulizotoa.

3. Ukiwa na pochi ya simu, yaani M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, nunua kredi mwenyewe kutoka humo. Pochi hizi hushika dola na franka kwa akaunti mbili. Ukinunua yuniti kutoka akaunti ya dola, umelikwepa suala la kiwango. Lakini usitoe fedha taslimu kwanza ili ukanunue kredi kabini: utalipa ada ya kutoa, kisha utalipa kiwango cha kabini, mara mbili kwa kitu kimoja.

Namba unayoipiga ni ya nani?

Kupiga ndani ya mtandao wako na kupiga mtandao mwingine ni bei mbili tofauti, na matangazo hupenda kuonyesha ile ndogo. Jifunze kutambua kwa tarakimu za mwanzo: 081, 082 na 083 ni Vodacom, 097, 098 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange, 090 na 091 ni Africell.

Ndiyo sababu watu wengi wa Kolwezi hubeba simu ya laini mbili. Ni akili nzuri, ila ina mitego yake. Wa kwanza ni simu kuchagua laini yenyewe: ukirudisha simu uliyokosa, nyingi hutumia laini ileile iliyopigiwa, hata kama forfe yako, yaani kifurushi chako cha dakika au mega, iko kwenye nyingine. Ingia kwenye mipangilio, uiambie simu ikuulize laini kila unapopiga. Wa pili ni kununua forfe mbili, moja kila laini, na kumaliza nusu tu ya kila moja. Chagua laini moja ya kupigia, ile yenye ndugu na wateja wako wengi, na nyingine iwe ya kupokelea. Wa tatu ni kuisahau laini hiyo ya kupokelea. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yaweza kupewa mtu mwingine, na pochi uliyoiunganisha nayo ikawa hatarini. Mara moja kwa mwezi itumie hata kwa ujumbe mmoja.

Unapomwandika mtu kwenye simu, ongeza herufi moja mwisho wa jina: V, A, O. Utaiona bei kabla ya kubonyeza.

Sekunde au dakika?

Kuna malipo ya sekunde na kuna malipo ya dakika nzima. Bei ya tangazo inaweza kuwa ileile, lakini mfuko utasikia tofauti. Tuseme dakika ni yuniti 10 na umeongea dakika 1 na sekunde 5. Kwa malipo ya sekunde utakatwa karibu yuniti 11. Kwa malipo ya dakika, zile sekunde 5 zinakuwa dakika ya pili: yuniti 20. Simu kumi za namna hiyo ni 108 dhidi ya 200.

Biashara ya Kasulo huenda kwa simu fupi fupi. «Uko wapi?» «Mzigo umefika?» «Leo wananunua bei gani kwenye soko la madini la Musompo?» Mwenye simu za namna hiyo atafute mpango wa sekunde. Mwenye kukaa nusu saa na dada yake wa Lubumbashi hapotezi mengi kwa malipo ya dakika. Jipime: weka kredi, angalia salio, piga simu ya sekunde 10, angalia tena. Salio litakuambia unahesabiwa vipi.

Na mashine ya ujumbe wa sauti ikipokea, simu imeshapokelewa na malipo yameanza. Ukisikia sauti ya Kifaransa inaanza kukuomba uache ujumbe, kata hapohapo.

Forfe: soma ujumbe mpaka mwisho

Forfe ni nafuu kwa anayeimaliza. Tuseme forfe ya siku inakupa dakika 30 kwa yuniti 50. Kwenye karatasi, dakika ni chini ya yuniti 2. Ukiongea dakika 12 tu na muda ukaisha, kila dakika imekugharimu zaidi ya yuniti 4. Dakika ulizopewa hazina maana, hesabu ulizotumia.

Ujumbe wa kuthibitisha huja kwa Kifaransa, tena mfupi, na wengi huufuta bila kuusoma. Haya ndiyo maneno ya kutafuta ndani yake:

- *Valable jusqu'à 23h59*: inaisha usiku wa leo, si baada ya saa 24. Ukiinunua saa mbili usiku, umenunua saa nne tu. Kama ujumbe unasema *24 heures*, hiyo ni siku kamili.

- *Intra-réseau*: ndani ya mtandao huu pekee. *Tous réseaux*: mitandao yote ya nchini. Namba ya nje ya nchi haimo katika yoyote kati ya hizo isipokuwa imetajwa.

- *Hors forfait*: nje ya forfe. Dakika zikiisha katikati ya maongezi, simu haikatiki. Inaendelea kula kredi kuu kwa bei ya kawaida, ile ya juu. Huu ni mdomo mkubwa wa kumeza kredi. Dawa yake ni kutoacha kredi nyingi kwenye salio kuu: nunua forfe, bakiza yuniti chache tu za dharura.

- *Renouvellement automatique*: itajinunua tena yenyewe muda ukiisha, mradi kuna kredi. Kama hukutaka, izime kwenye menyu ileile uliyonunulia.

- *Bonus*: zawadi yenye masharti yake. Mara nyingi ni ya usiku, au ya ndani ya mtandao, au inaisha mapema kuliko kredi uliyolipia.

- *HT* na *TTC*: bei bila kodi na bei yenye kodi zote. TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni 16% Kongo, hivyo kwa TVA peke yake yuniti 100 za *HT* zinakuwa 116.

Kama nyumbani kuna mwanafunzi anayesoma Kifaransa vizuri, mpe kazi hiyo ya kusoma. Itamfaa yeye na itaifaa nyumba.

Nani anunue forfe ya mwezi wakati fedha zinakuja kwa siku? Hapa likelemba, yaani mchango wa kupokezana, inafaa. Watu wanne wa nyumba moja, au majirani wanne, kila mmoja atoe kidogo kila siku, na kila wiki mmoja wao apate ya kununua forfe ya mwezi. Mwezi ukiisha, wote wanne wamenunua kwa bei ya jumla kwa fedha za rejareja.

Mkopo wa kredi

Kredi imeisha saa tatu usiku, kabini zimefungwa, mtandao unakuletea ujumbe: kopa sasa, utalipa baadaye. Kwa mgonjwa au msiba, kopa bila kujilaumu. Kwa mazoea, hapana.

Huduma hii iko pia Afrika Mashariki. Kenya, Okoa Jahazi ya Safaricom hukata ada ya 10%. Tafuta ada ya mtandao wako chini ya maneno *frais de service*, halafu piga hesabu hii. Ukikopa yuniti 100 kwa ada ya 10% na kulipa baada ya siku tatu, umelipa yuniti 10. Ukirudia mara kumi kwa mwezi, umelipa yuniti 100, dola nzima, kwa kukopa dola ileile inayozunguka. Hakuna likelemba Kolwezi ingekubali riba ya 10% kwa siku tatu.

Tena deni hukatwa mara tu unapoweka kredi. Unanunua ya kutosha forfe, sehemu inaondoka, inayobaki haitoshi, unaanza kupiga kwa bei ya kawaida. Njia ya kutoka ni moja: lipa deni lote siku moja yenye mapato mazuri, kisha weka yuniti za dharura ambazo hazitumiki kwa kuulizia bei ya samaki.

Huduma usizoziomba

Wimbo anaousikia anayekupigia, aya za kila asubuhi, matokeo ya mpira, nyota, vichekesho: kila kimoja hukata kidogo kwa siku au kwa wiki. Wengi hujiunga bila kujua, kwa kubonyeza kisanduku kilichojitokeza kwenye kioo, au kwa sababu mtoto alikuwa akichezea simu. Dalili ni salio linaloshuka wakati hujapiga, hasa alfajiri.

Jinsi ya kuzisaka:

1. Andika salio kabla ya kulala, mega zikiwa zimezimwa. Liangalie asubuhi kabla ya kufanya chochote. Likipungua, kuna mwizi.

2. Tafuta kwenye jumbe zako maneno *vous êtes abonné*. Namba fupi iliyotuma ndiyo yenye huduma.

3. Jibu namba hiyo neno STOP, au fuata maelekezo ya *désabonnement* yaliyo kwenye ujumbe wenyewe. Hifadhi jibu la kuthibitisha.

4. Piga huduma kwa wateja, waulize laini yako imesajiliwa huduma zipi, wazifute zote kwa mpigo.

Anza na simu ya bibi na ya baba mzee. Wao ndio hawasomi jumbe, na kwao makato yanaweza kuwa yameendelea miaka.

Mega na WhatsApp

Wengi wamehamia WhatsApp ili kukwepa bei ya dakika, na wamefanya vyema. Maongezi ya sauti huko hutumia takribani nusu mega hadi mega moja kwa dakika. Ya video hula mara kadhaa zaidi. Ila fedha nyingi haziishii kwenye maongezi. Zinaishia kwenye kikundi cha ukoo na cha kanisa, ambako video huteremka zenyewe hata usipozitazama.

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data. Zima upakuaji wa kujiendesha wa picha, sauti na video unapotumia mega za simu. Hapohapo washa matumizi madogo ya data kwa simu. Kisha kwenye duka la programu, zuia masasisho yasije bila wifi. Mega zikiisha, zima data mara moja; vinginevyo simu itaanza kula kredi kuu kwa bei ya nje ya forfe, na hapo dola huondoka kwa dakika chache.

Simu za nje na simu za mtego

Kolwezi ina ndugu Zambia, Afrika Kusini, Tanzania na mbali zaidi. Kupiga +260, +27 au +255 kwa kredi ya kawaida ni ghali kuliko simu yoyote ya nchini. Kubalianeni siku na saa ya kuongea kwa WhatsApp, au nunua forfe ya nchi husika ikiwa mtandao wako unayo.

Ukisafiri hadi Kasumbalesa, simu inaweza kudaka mtandao wa Zambia kabla hujavuka. Zima data na *itinérance*, yaani matumizi ya mtandao wa nje, kabla ya kufika mpakani, na uziwashe kwa hiari yako tu.

Kuna pia simu inayolia mara moja na kukatika, kutoka namba ya nje usiyoijua. Anayeirudisha huunganishwa na laini ya bei ya juu, na anayepokea simu hupata mgao. Sisi tumezoea kubipiwa na ndugu asiye na kredi, kwa hiyo mtego huu unatunasa kirahisi. Kanuni: namba isiyoanza na +243, na humjui mwenyewe, haibipiwi wala hairudishiwi.

Chaji nayo ni bei ya simu

Laini kubwa ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa karibu kilomita 1,700, imeishia hapahapa Kolwezi tangu miaka ya 1980. Mabwawa ya Nzilo na Nseke nayo yako jirani. Sehemu kubwa ya umeme huo ilikusudiwa migodi, na nyumba nyingi za mji zinajua giza la SNEL, shirika la umeme, kuliko mwanga wake. Kasulo, ambako tangu mwaka 2014 watu wamechimba kobalti ya betri za simu chini ya vyumba vyao vya kulala, bado kuna anayelipa ili betri yake ijae.

Tuseme kuchaji ni franka 500 kila baada ya siku mbili. Kwa mwezi ni franka 7,500 kwa simu moja. Kwa simu nne ni 30,000, zaidi ya dola 10. Hesabu hiyo ikikaribia ya kwako, linganisha na bei ya paneli ndogo ya jua au betri ya akiba: huenda ikajilipa ndani ya miezi michache. Huku ukisubiri, punguza mwanga wa kioo, na pale mtandao unapokuwa dhaifu zima data, kwa kuwa simu inayotafuta mtandao hula betri haraka.

Mkono wa serikali

Septemba 2020 Wakongo walianza kuona kredi zao zinapungua kwa jina jipya: RAM, rejesta ya vifaa vya simu iliyosimamiwa na ARPTC, mamlaka ya posta na simu. Simu ya 2G ilidaiwa karibu dola 1 kwa mwaka, ya 3G au 4G dola 7, zikikatwa vipande vipande kutoka kwenye kredi. Watu walilalamika, wabunge walimbana waziri Augustin Kibassa Maliba, na mwanzoni mwa mwaka 2022 makato hayo yakaondolewa.

Hatukuwa peke yetu. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, hadi ilipobadilisha kodi hiyo mwaka 2021. Tanzania iliweka tozo kwenye miamala ya simu na kwenye kuweka vocha Julai 2021, kisha ikapunguza ile ya miamala baada ya kelele za wananchi. Kodi inayokatwa ndani ya kredi ni rahisi kuikusanya na ngumu kuiona. Mwaka 2020, RAM ilionekana haraka na wale waliokuwa wakiangalia salio lao kabla na baada.

Ukikatwa isivyo haki

Usibishane na kijana wa kabini. Hana mkono katika makato ya kampuni. Piga picha ya kioo kinachoonyesha salio la kwanza na la pili, andika tarehe, saa na namba fupi iliyohusika. Pigia huduma kwa wateja, omba namba ya malalamiko, iandike kwenye daftari. Wakikuzungusha, nenda na daftari lako kwenye ofisi yao mjini. Hatua ya mwisho ni ARPTC. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayotawala simu nchini, na mtumiaji wa huduma ana haki zake ndani yake. Lalamiko la mtu mmoja lenye tarehe na picha lina uzito. La watu ishirini wa mtaa mmoja, waliokatwa na namba fupi ileile, lina uzito zaidi. Lipelekeni pamoja.

Uanzie wapi?

Huwezi kufanya yote siku moja. Fuata mpangilio huu: kwanza futa huduma usizoziomba, kwa kuwa hazikupi chochote. Pili, lipa deni la kredi na uache kukopa. Tatu, badilisha forfe za siku kwa forfe ndefu kwa njia ya likelemba. Nne, nunua kredi kwa pochi ya dola. Mambo mengine yafuate baada ya hapo.

Kampuni ya simu inajua hadi sekunde uliyoongea, na wewe una haki ya kujua hadi franka uliyolipa. Jumapili hii, baada ya kula bukari, kusanyeni simu zote za nyumba, ulizeni salio la kila moja, na mliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Wiki ijayo mtajua dakika moja kwenu ni franka ngapi.